RAM Imepanda Bei: Wasee wa Gemu za Rally, Doh Yenu Iende Wapi?

Kama umeuliza bei ya RAM siku za karibuni ukadhani muuzaji anakucheza, tulia kwanza. Si yeye. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, na chanzo kiko mbali sana na Moi Avenue au Luthuli.

Makampuni makubwa ya AI yanajenga vituo vya data, na vituo hivyo vinameza chipu za kumbukumbu kama nini. Chipu nyingi za aina hiyo zinatoka kwa kampuni 3 tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mteja mwenye mfuko mnene ndiye anahudumiwa kwanza. Tarehe 3 Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, ile chapa yake ya RAM na SSD ambayo mwananchi wa kawaida amekuwa akinunua kwa karibu miaka 30.

Sasa hii inamhusu vipi msee ambaye anataka tu kurusha ndinga kwenye vumbi la Naivasha akiwa kwa keja yake Umoja? Inamhusu sana. Bajeti ikibana, kosa moja la kununua linakumaliza. Na kwa gemu za mbio, hasa zile za simuleta, wengi wananunua vibaya. Wanaweka doh yote kwa kadi ya grafiki, halafu wanashangaa mbona gari linawatoka kwenye kona ileile kila siku.

Hii si kujibamba tu

Kuna mtu atasema, "Si hizi ni gemu tu?" Skiza. Mwaka wa 2011, kijana wa Uingereza anayeitwa Jann Mardenborough alishinda GT Academy, shindano lililochuja washiriki kwa gemu ya Gran Turismo. Hakuwa anatoka familia ya timu za mbio. Miaka 2 baadaye alikuwa Le Mans, na timu yake ikamaliza nafasi ya 3 kwenye daraja la LMP2. Sinema yake ilitoka 2023, pengine umeiona. Mwaka wa 2019, James Baldwin, Mwingereza mwingine, alishinda shindano la World's Fastest Gamer. Mwaka uliofuata akaingia British GT, na mbio yake ya kwanza kabisa akashinda.

Fikiria gharama ya kuingia rally hapa kwetu: gari, mafuta, matairi, mafundi, leseni, gari la huduma. Safari Rally ilirudi kwenye WRC mwaka wa 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, na kila mwaka tunaenda Naivasha kwa maelfu kutazama. Lakini kutazama ndiyo wengi wetu tutafanya. Kwa kijana wa mtaa, simuleta ndiyo karibu mlango pekee wa kushika usukani na kujifunza kusoma barabara. Kwa hivyo tukiongea bei ya RAM na prosesa, tunaongea bei ya huo mlango.

Saa ya mbio haioni grafiki zako

Wacha tufanye hesabu kidogo. Ukienda kilomita 180 kwa saa, unakata mita 50 kila sekunde. Kompyuta ikikuonyesha fremu 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16.7 hivi kabla ya inayofuata. Hapo gari limesonga kama sentimita 83. Ikishuka hadi fremu 30, kila picha inakaa milisekunde 33, na gari limesonga zaidi ya mita moja na nusu.

Hiyo bado si mbaya sana. Binadamu anazoea. Shida iko kwa kusuasua: gemu inateleza fiti kwa fremu 60, halafu ghafla inakwama kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Hiyo sehemu ya kumi ni mita 5. Ulikuwa umehesabu kufunga breki kabla ya jiwe, picha ikaganda, ikirudi jiwe liko chini ya bampa. Ukikwama mara 3 kwa stage moja, hata kama kwa wastani kompyuta yako inasoma fremu 90, umeshapoteza.

Ndiyo maana wasee wa simuleta huangalia zaidi muda wa kila fremu kuliko ile namba kubwa ya wastani. Fremu 60 zilizotulia zinamshinda mtu mwenye 110 zinazorukaruka. Ubongo wako unajifunza mdundo: breki hapa, geuza hapa, gesi hapa. Mdundo ukivurugika kila dakika, hujifunzi kitu, unabahatisha tu.

Ndani ya boksi nani anafanya nini?

Gemu ya kawaida ya kupiga risasi inaweza kuishi kwa kadi kali ya grafiki. Simuleta ya mbio ni mnyama tofauti, kwa sababu kuna kazi kubwa inafanyika ambayo huioni.

Prosesa ndiyo inapiga hesabu ya matairi, springi, uzito wa gari, lami au changarawe. Kwa Assetto Corsa, gemu ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni iliyotoka kamili Desemba 2014, hesabu hiyo hupigwa mara 333 kila sekunde. iRacing hufanya mara 360. Hiyo haina uhusiano na fremu unazoziona kwa skrini. Hata ukiweka grafiki chini kabisa, hesabu za tairi ziko palepale, na ukiwa na usukani unaosukumana na mikono yako, nguvu unayoiskia inatoka kwa hizo hesabu.

Ongeza magari ya kompyuta uone. Kwa Assetto Corsa, magari pinzani yanatumia fizikia ileile ya gari lako. Ukiwasha mbio ya magari 20, prosesa inabeba magari 20. Ndiyo maana ile gemu ina onyo maarufu linalotokea kwa skrini likisema prosesa imejaa zaidi ya asilimia 99. Wengi wakiona hilo onyo wanapunguza vivuli na miti, na wapi. Dawa yake ni kupunguza wapinzani.

Kadi ya grafiki nayo inachora. Kazi yake inakua na ukubwa wa skrini. Monita moja ya 1080p ina pikseli kama milioni 2. Ukipanga monita 3 za aina hiyo mbele yako kama wale wa YouTube, unafika milioni 6 na zaidi. Hapo ndipo kadi kubwa inaanza kulipa. Lakini msee mwenye monita moja ya ex-UK na prosesa ya zamani, akinunua kadi ya bei, ni kama kufunga injini ya nganya kwa probox yenye gia imekufa. Nguvu iko, haifiki chini.

Vioo vya gari pia vinakula. Kila kioo ni dunia inachorwa mara ya pili ikitazama nyuma. Kwa rally uko peke yako kwa stage, kwa hivyo unaweza kuzima vioo na usikose kitu.

Halafu kuna RAM. Gemu ikikosa nafasi inaanza kuazima kwa diski, na diski hata iwe SSD ni konokono ikilinganishwa na RAM. Hapo ndipo ile kukwama inaanzia. Kuna kitu kingine ambacho maduka mengi hayakuambii: vijiti 2 vya GB 8 kwa kawaida vinashinda kijiti kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inaongea na vyote viwili kwa wakati mmoja, kama barabara ya leni mbili. Kama unategemea grafiki za ndani ya prosesa bila kadi, tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza.

Ushahidi mkubwa kwamba kumbukumbu ndiyo siri ya hizi gemu ni Ryzen 7 5800X3D ya AMD, iliyotoka Aprili 2022. Ni ndugu ya 5800X ya kawaida, cores ni 8 zilezile, na spidi yake hata iko chini kidogo. Walichofanya AMD ni kurundika kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa kutoka MB 32 hadi MB 96. Watu wa simuleta waliikimbilia, kwa sababu fremu zilipanda na, muhimu zaidi, zikatulia.

Naivasha ndani ya gemu, na kilio chake

Mfano ulio karibu nasi ni EA Sports WRC, iliyotengenezwa na Codemasters na kutoka Novemba 2023. Safari Rally Kenya imo ndani. Unaendesha stage zenye majina kama Malewa na Soysambu, vumbi linakufunika, na ukiona mandhari unaskia nyumbani kabisa.

Kwa gemu zao za awali za Dirt Rally, Codemasters walitumia injini yao wenyewe iitwayo Ego. Hii mpya wakahamia Unreal Engine, sababu moja ikiwa walitaka stage ndefu, hata za kilomita 30 na zaidi. Stage ndefu maanake kompyuta haiwezi kubeba barabara yote kwa mkupuo. Inapakia mbele yako ukiwa mbioni. Gemu ilipotoka, wachezaji wa PC walilia kwa kusuasua, hata wale wenye mashine za bei mbaya. Marekebisho yalitoka baadaye na mambo yakawa afadhali, lakini funzo likabaki: kadi ya grafiki ya maana haikuokoi kama gemu inangoja data kutoka diski, au prosesa inatayarisha picha ambayo ilifaa iwe tayari.

Kisha Aprili 2025 EA wakatangaza kwamba hawataendelea kutengeneza gemu za rally. Kwa hivyo gemu iliyo na Safari rasmi ndani yake imebaki ilivyo. Wanaokuja sasa, kama Assetto Corsa Rally iliyoingia kwa majaribio Novemba 2025, wako kwa Unreal Engine 5, na hiyo injini inataka mashine yenye misuli zaidi. Unaona picha? Gemu zinapanda kimo wakati ule ule RAM inapanda bei. Msee wa chini anabanwa pande zote mbili.

Mzee wa 2004 bado anatesa

Kuna mlango wa nyuma, na wasee wa rally duniani kote wanaujua. Unaitwa Richard Burns Rally. Ilitoka 2004. Burns mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa 2001, na ushindi wake wa kwanza kwenye WRC aliupatia hapa Kenya, Safari Rally ya 1998. Akaja tena 2000 akashinda na Subaru.

Gemu yake inaonekana ya zamani ukiitazama, lakini fizikia yake ilikuwa mbele ya wakati, na mashabiki wameiongezea magari na stage kwa miaka mingi. Mpaka leo kuna madere wanaoapa kwamba ndiyo rally ya ukweli. Kompyuta ya ofisi yenye kadi ndogo inaichezesha kwa fremu 60 bila jasho. Assetto Corsa ya 2014 nayo ni hivyohivyo ukipunguza wapinzani: ni mzee, lakini inakufundisha kuhisi gari vizuri.

Saa ya Richard Burns Rally itakuambia ukweli uleule ambao gemu ya mwaka huu ingekuambia: umechelewa kufunga breki, umegeuza mapema, umekanyaga gesi kabla gari halijanyooka. Kujifunza hayo hakuhitaji jua linang'aa kwa bonneti.

Boksi za ex-UK: zuri na baya lake

Tukuje sokoni sasa. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini ni za ofisi za Ulaya zilizostaafu: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Na Windows 10 ilipokatiwa huduma rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zilipata sababu ya kutupa zile za zamani, kwa kuwa Windows 11 kwa jumla inataka Intel ya kizazi cha 8 kuenda juu. Hizi boksi ni imara, na kwa msee aliyesota ni pahali pazuri pa kuanzia. Ila kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni neno "i7". i7 ya kizazi cha 4 na i5 ya kizazi cha 8 si watu wa rika moja. Ya pili ina cores 6 na ni mpya kwa miaka kadhaa, lakini muuzaji atakuonyesha stika ya i7 ukiiona unachanganyikiwa. Uliza kizazi, usiulize stika.

Mtego wa pili ni pawa saplai. Zile boksi nyembamba zina pawa ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Sloti ya kadi yenyewe inatoa wati 75 tu. Kwa hivyo kadi yako lazima iishi ndani ya hizo wati na iwe fupi kwa kimo, kama GTX 1650 ile ya kimo kidogo. Ukibeba kadi kubwa ya mitumba ukafika nayo nyumbani, haitaingia, na hata ikiingia haitawaka. Kama unaona utaongeza kadi baadaye, tafuta boksi pana la tawa kutoka mwanzo.

Mtego wa tatu ni kijiti kimoja cha RAM. Maduka yanapenda kuweka kimoja kwa sababu ni rahisi. Fungua boksi uone, au waambie wakufungulie kabla hujalipa. RAM ikiwa bei hivi, boksi lenye vijiti 2 tayari linaweza kuwa nafuu kuliko lenye prosesa kali na kijiti kimoja utakachohangaika kukitafutia mwenzake.

Laptop nayo ina shida yake: joto. Prosesa ikichemka inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Stage ya kwanza unateleza, ya tatu unaanza kulegi. Kabla ulaumu gemu, safisha feni, inua laptop kutoka kitandani, na cheza ikiwa kwa chaja.

Na PS5 je?

Swali halali. Konsoli ina vyuma vya aina moja kwa kila mtu, kwa hivyo mtengenezaji anajua ni nini anapangia, na hausumbuki na mambo ya kizazi na wati. Kama unataka EA Sports WRC na usukani bila kuumiza kichwa, konsoli si wazo baya. Lakini Richard Burns Rally haiko huko, iRacing haiko huko, na zile nyongeza za mashabiki zinazofanya Assetto Corsa ya PC iwe na karibu kila gari na barabara unayoota hazipo huko. PC pia utaifanyia assignment, CV na kazi za online. Kwa msee wa kununua mashine moja tu kwa nyumba, hiyo ina uzito.

Sasa doh iende wapi?

Kama una kompyuta tayari, anza bila kununua kitu. Funga fremu kwa 60, au namba yoyote mashine yako inaishikilia bila kuteteleka. Zima vioo kwa rally. Punguza wapinzani kama ni mbio za duara. Shusha vivuli, moshi na umati wa watazamaji, maana hao hawakupigii makofi. Funga Chrome na zile tabu zako 40, zinakula RAM uliyolipia.

Kisha ukiwa na kitu kidogo mfukoni, SSD ije kwanza kama bado uko kwa diski ya kuzunguka. Inayofuata ni kijiti cha pili cha RAM, kinacholingana na ulichonacho. Halafu usukani, hata wa mitumba kama Logitech G27 au G29, kwa sababu unafundisha mikono na miguu kitu ambacho kibodi haitawahi. Prosesa na boksi bora vinafuata. Kadi kubwa ya grafiki ikae mwisho, siku utakayokuwa na monita zaidi ya moja au unataka miwani ya VR.

Najua kuna mtu ameshaweka doh kando ya kadi ya kung'aa na haya hataki kuyaskia. Sawa, doh ni yako. Lakini jaribu kitu kimoja kabla uende tao: wakati wa mbio, fungua Task Manager kwa skrini nyingine au punguza dirisha la gemu, utazame. Kadi ya grafiki ikiwa kwa asilimia 50 na bado gemu inakwama, kadi mpya haitakusaidia. Usitazame tu ile namba moja ya prosesa kwa ujumla, bonyeza uone kila core peke yake, kwa sababu core moja ikijaa, gemu yote inaingoja. Dakika 5 hizo zinaweza kukuokolea akiba ya miezi 5.

Bei ya RAM itakuwa na drama yake bado, kwa sababu AI haionyeshi dalili ya kushiba. Hatuwezi kubadilisha hilo kutoka Umoja au Kisauni. Tunachoweza ni kujua gemu inahitaji nini hasa, tulipie hicho, na tusilipie stika.